Kidhibiti Mwendo na Mkono wa Dereva

Imetimia zaidi ya miaka 20 tangu serikali ya Kenya ilipoamuru kila matatu na kila basi la abiria lifungwe kifaa cha kulizuia lisikimbie kupita kilomita 80 kwa saa. Abiria wengi waliipokea amri hiyo kwa furaha. Wenye magari waliipokea kwa manung'uniko. Tangu hapo kifaa chenyewe kimebadilishwa mara kadhaa. Kimetiwa lakiri, kimepewa kumbukumbu, na hatimaye kimeunganishwa na mtandao wa simu ili kitoe habari za mwendo wa gari likiwa lingali njiani. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni barabara za Kenya zimekuwa zikichukua roho za watu zaidi ya 4,000 kila mwaka, na mwaka 2024 peke yake waliokufa walikuwa 4,748.

Kwa hiyo swali linazuka lenyewe. Ikiwa kifaa kipo, sheria ipo, na askari wa usalama barabarani wapo, ni nini basi kinachokosekana?

Wako wanaojibu upesi kwamba kinachokosekana ni kifaa bora zaidi. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini halitoshi. Kifaa cha kumsaidia dereva huingia ndani ya gari pamoja na mtu mwenye mazoea yake, haraka zake, hofu zake na njaa yake, nacho hakina budi kuishi naye kutwa nzima. Mtu huyo akikiona kuwa ni rafiki, kitamwokoa. Akikiona kuwa ni adui, atatafuta njia ya kukishinda, na kwa kawaida ataipata. Historia ya vidhibiti mwendo nchini Kenya ni historia ya mapambano hayo, na ina mafunzo kwa nchi zote za Afrika Mashariki.

Mambo yalianza mwezi Oktoba 2003. Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano wa Kenya wakati huo, marehemu John Michuki, alitoa kanuni mpya za magari ya abiria. Kanuni hizo zilitaka kila gari liwe na kidhibiti mwendo, kila kiti kiwe na mkanda wa usalama, idadi ya abiria isizidi idadi ya viti, madereva na makondakta wavae sare, na gari lipakwe mstari wa manjano ubavuni. Utekelezaji ulianza tarehe 1 Februari, 2004. Magari yasiyotimiza masharti yaliondolewa barabarani, na kwa siku kadhaa maelfu ya wakazi wa Nairobi walikwenda kazini kwa miguu. Mpaka leo Wakenya huziita kanuni hizo Sheria za Michuki.

Katika miezi ya mwanzo nidhamu ilionekana wazi. Baadaye, pole pole, ikalegea. Mikanda ikachakaa na kushika uchafu, abiria wakawa wanaishika mkononi tu pale kizuizi cha polisi kinapoonekana mbele, kisha wanaiachia. Vidhibiti mwendo vikabaki ndani ya magari, lakini magari yakarudia kasi yake ya zamani. Mwezi Novemba 2018 ilibidi serikali ianze operesheni nyingine ya kuzirudishia nguvu kanuni zilezile zilizokuwa zimekwisha kuwa sheria kwa miaka karibu 15.

Ili kufahamu jinsi gari lenye kidhibiti linavyoweza kukimbia kama lisilo nacho, yafaa kwanza kueleza jinsi kifaa hicho kinavyofanya kazi. Kidhibiti mwendo ni kisanduku kidogo kinachopokea habari za mzunguko wa magurudumu kwa njia ya waya. Kisanduku hicho hugeuza mzunguko kuwa kilomita kwa saa. Mwendo unapofikia kiwango kilichowekwa, hupunguza mafuta yanayokwenda kwenye injini, au huzuia amri ya kanyagio lisiendelee kuongeza mwendo. Dereva hata akikanyaga mpaka chini, gari haliongezi kasi.

Lakini kisanduku hakioni barabara. Kinachokijua ni kile tu kinacholetewa na waya. Waya huo ukikatwa, kisanduku cha zamani kiliamini kwamba gari limesimama, hata kama gari lenyewe lilikuwa katika kilomita 120 kwa saa. Madereva hawakuhitaji kwenda chuo kikuu kuligundua jambo hilo. Wengine waliutoa waya, wengine walichomoa fyuzi, na wengine walikwenda kwa fundi akawafungia swichi ndogo iliyofichwa mahali ambapo askari hawezi kuiona. Huko mbele penye kizuizi, swichi hurudishwa, na gari hupita likiwa na utii wote. Kizuizi kikiisha, swichi huzimwa tena. Na kabla ya kizuizi, madereva wanaokuja kutoka upande wa pili huwa wamekwisha kupeana habari kwa kuwashiana taa.

Watengenezaji wa vifaa nao hawakulala. Waya ulipokuwa ukikatwa, waliunda kifaa kinachotambua kwamba waya umekatwa na kupunguza nguvu ya gari. Lakiri iliwekwa ili kufunguliwa kwa kisanduku kuonekane. Dereva alipokuwa akizima kifaa kwa saa nzima na kukiwasha tena karibu na askari, kilipewa kumbukumbu, ili yaliyotendeka kabla ya kizuizi yasifutike. Kisha, kwa kiwango cha KS 2295 kilichotolewa upya na Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, mwaka 2018, kifaa kilitakiwa kiwe na uwezo wa kupeleka habari moja kwa moja kwenye Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA. Kila hatua ya fundi wa kiwandani ilitanguliwa na hatua ya fundi wa gereji. Anayekifungua kisanduku cha leo ataona kwamba karibu kila sehemu iliyomo imewekwa kujibu hila fulani ya mtu fulani.

Hapo ndipo yafaa kuuliza: kwa nini dereva, ambaye yeye mwenyewe ameketi mbele na ndiye wa kwanza kukutana na ajali, apigane na kifaa kilichowekwa kumlinda?

Sababu ya kwanza ni riziki. Katika biashara ya matatu, mwenye gari hudai fedha maalumu kila siku. Fedha hizo zikipatikana, na mafuta yakilipiwa, kinachobaki ndicho chakula cha dereva na kondakta wake. Kwa mpango huo safari ya kumi na moja ni ya mwenye gari, lakini ya kumi na mbili ni ya watoto wa dereva. Kifaa kinachopunguza mwendo humpunguzia dereva safari, yaani humkata mshahara. Sheria za Michuki zenyewe zililiona jambo hili, kwani zilitaka madereva na makondakta waajiriwe kwa kudumu na kulipwa mshahara wa mwezi. Sehemu hiyo ya kanuni haikutekelezwa kwa nguvu iliyotumika katika mistari ya manjano. Kifaa kikafungwa ndani ya gari, lakini sababu ya kukichukia ikaachwa kama ilivyokuwa.

Sababu ya pili inatoka barabarani. Chukua basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa, mbele yake kuna lori linalokwenda kilomita 70. Tofauti ya mwendo wao ni karibu mita 3 tu kwa sekunde. Ili basi lilipite lori na kurudi upande wake kwa usalama, lahitaji kupata kiasi cha mita 60 zaidi ya lori. Kazi hiyo huchukua sekunde zipatazo 20, na katika muda huo basi huwa limekwenda karibu nusu kilomita likiwa upande usio wake. Dereva mwenye busara angengoja nyuma ya lori. Lakini yule aliyekwisha kuanza kupita, kisha akaona gari likimjia mbele, hukanyaga mafuta kwa nguvu zake zote na kukuta kifaa kimemfunga. Dereva aliyepatwa na jambo hilo mara moja hatakiamini tena kifaa. Hoja yake haihalalishi kukata waya, lakini mtengenezaji anayeipuuza anakaribisha waya ukatwe.

Sababu ya tatu ni kwamba kifaa chenyewe hakitofautishi mahali. Kilomita 80 kwa saa ni mwendo wa kiasi katika barabara kuu iliyonyooka, lakini ni mwendo wa mauti mbele ya shule au sokoni. Na nchini Kenya kundi kubwa kuliko yote la wanaokufa barabarani ni la watu waendao kwa miguu. Kidhibiti cha kilomita 80 hakina neno la kumwambia dereva anayepita katikati ya kijiji kwa kilomita 75, na dereva naye hujifunza kwamba mwendo wowote ambao kifaa hakikuukataza ni halali.

Itakuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba mapambano haya kati ya dereva na kifaa ni tabia ya Afrika Mashariki peke yake. Nchi zilizotangulia kuwa na magari mengi zilitangulia pia kuyaona hayo.

Nchini Marekani, magari mapya ya mwaka 1974 yaliundwa yasiwake mpaka dereva na abiria wa mbele wawe wamefunga mikanda. Kwa akili ya mhandisi, mpango huo haukuwa na kasoro: asiyefunga mkanda hasafiri. Lakini mtu aliyeweka mfuko mzito wa chakula juu ya kiti cha mbele aliona gari lake limegoma, kwa kuwa kiti kiliudhani mfuko kuwa ni abiria. Wananchi walikasirika, na mwezi Oktoba mwaka huohuo Bunge la nchi hiyo likapiga marufuku kifaa hicho. Bunge halikuishia hapo, bali pia liliamuru kwamba kengele ya kumkumbusha dereva mkanda isilazimishwe kulia kupita sekunde 8. Ilichukua miaka kumi hadi mwaka 1984 ndipo jimbo la kwanza, New York, lilipopitisha sheria ya kuwataka watu wazima wafunge mikanda. Kifaa kilichotaka kumshinda mtu kwa nguvu kilikuwa kimerudisha nyuma hata kazi nyepesi ya kumshawishi.

Mfano wa pili unatoka Ujerumani Magharibi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, teksi za kampuni moja mjini Munich ziligawanywa. Baadhi zilifungwa breki za kisasa zinazozuia magurudumu yasijifunge na gari lisiteleze, na nyingine ziliachwa na breki za kawaida. Watafiti walipanda teksi hizo kama abiria wa kawaida na kuandika jinsi madereva walivyoendesha, bila madereva kujua. Ilitazamiwa kwamba teksi zenye breki bora zingepata ajali chache. Haikuwa hivyo. Ajali zao hazikupungua kuliko za wenzao, kwa sababu madereva waliojua kwamba wana breki nzuri walikata kona kwa ukali zaidi na kuyasogelea zaidi magari yaliyo mbele yao. Usalama waliopewa na kiwanda waliutumia kununua mwendo.

Mfano huo hausemi kwamba breki bora ni mbaya. Unasema kwamba mtu hubadilika pale kifaa kinapobadilika, na kwamba faida iliyohesabiwa mezani kwa kumdhania dereva kuwa ni yuleyule wa jana, barabarani haitaonekana yote.

Mfano wa tatu ni wa siku hizi. Magari yanayoweza kushika njia na kupunguza mwendo yenyewe kwa muda humtaka dereva aendelee kuwa macho. Kwa namna gani gari litajua kwamba dereva yu macho? Watengenezaji wa kwanza waliamua kupima kama mikono yake iko kwenye usukani. Muda si mrefu yakatokea mazito ya kuning'iniza kwenye usukani ili gari lidhani kuna mkono, na mwezi Juni 2018 serikali ya Marekani ililazimika kumwamuru mwuzaji mmoja aache kuyauza. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wamehamia kwenye kamera ndogo inayotazama macho ya dereva. Mwezi Desemba 2023 kampuni ya Tesla ilitakiwa kurekebisha programu katika magari zaidi ya milioni 2 nchini Marekani, kwa kuwa maonyo yake kwa dereva hayakuonekana kutosha kumzuia asiliachie gari lijiendeshe.

Nchi za Umoja wa Ulaya zimejaribu kujifunza kutokana na hayo. Tangu Julai 2024, kila gari jipya linalouzwa huko lazima liwe na kifaa kinachosoma alama za barabarani na kumjulisha dereva kiwango cha mwendo cha mahali alipo. Kifaa hicho kinajua kwamba ndani ya mji mwendo ni mwingine na nje ya mji ni mwingine. Lakini lililo kubwa zaidi ni kwamba hakimfungi dereva. Kinaweza kumwonya kwa sauti, kwa mtikisiko, au kwa kulifanya kanyagio liwe zito, lakini dereva akikanyaga kwa makusudi, gari humtii. Aweza hata kukizima, ila kila anapowasha gari upya, kifaa nacho huamka upya. Dereva mvivu wa kukizima hubaki nacho, na dereva mwenye dharura ya kweli hapambani nacho. Wako wanaosema kwamba upole huo umezidi. Hata hivyo ni dhahiri kwamba wahandisi waliokiunda walianza kwa kuuliza dereva atafanya nini, kabla ya kuuliza injini itafanya nini.

Kenya nayo imetoa mchango wake katika elimu hii. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer walieleza yaliyotokea pale matatu 255 za Nairobi zilipofungwa vifaa vya kufuatilia mwenendo. Baadhi ya wenye magari walipewa katika simu zao habari zote: gari limepita wapi, limetembea saa ngapi, limekimbia kiasi gani, limefunga breki za ghafla mara ngapi. Wenye magari walizitumia habari hizo. Madereva wakafanya kazi saa nyingi zaidi, wakaacha kuliharibu gari kwa kulipitisha kwenye njia mbovu, na faida ikaongezeka. Lakini usalama haukuongezeka. Mwenye gari alitazama fedha yake na chuma chake. Kasi aliiona na hakuishughulikia. Uendeshaji wa hatari ulipungua pale tu madereva wenyewe walipopewa malipo kwa kuendesha kwa uangalifu.

Utafiti mwingine ulifanywa na James Habyarimana na Billy Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown. Wao hawakufunga waya wala kisanduku. Walibandika karatasi. Ndani ya matatu zaidi ya 1,000 za safari ndefu waliweka vibandiko vyenye maneno ya kuwahimiza abiria waseme pale dereva anapoendesha kwa hatari. Madereva waliovitunza vibandiko waliingizwa katika bahati nasibu ya kila wiki ili wasivibandue. Kisha watafiti hawakuuliza maoni ya mtu. Walikwenda kwenye vitabu vya bima. Madai ya bima ya magari yenye vibandiko yalikuwa yamepungua kwa nusu au zaidi. Jaribio hilo lilirudiwa kwa magari yapatayo 12,000 kwa jina la "Zusha!", na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Safari hii madai yalipungua kwa kiasi cha robo hadi theluthi. Ni pungufu kuliko mara ya kwanza, lakini ni pungufu ya vifo na majeraha ambayo visanduku vingi vya bei ghali havijawahi kuileta.

Siri ya karatasi hiyo si kubwa. Ndani ya matatu inayokimbia, abiria 14 wanaogopa, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake mwenye hofu. Akisema, ataitwa mwoga, au ataambiwa ashuke anunue gari lake. Kibandiko kinamwambia kwamba anayo haki ya kusema na kwamba wenziwe wamesoma maneno hayohayo. Mmoja akifungua kinywa, wengine humfuata. Tena abiria hana swichi ya kuzimwa. Yumo ndani ya gari tangu mwanzo wa safari hadi mwisho, anaona kama mbele pana shule au pori, na hawezi kuhongwa, kwa maana roho anayoitetea ni yake.

Mambo haya yanazihusu nchi nyingine za eneo hili pia. Rwanda, kwa amri ya mwaka 2015, iliweka vidhibiti vya kilomita 60 kwa saa katika magari ya abiria na malori, nayo ikakutana na madereva wanaovichezea. Tanzania, kwa njia ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, imechagua njia ya kufuatilia mabasi kwa mitambo inayotoa taarifa za mwendo safari nzima. Mfumo huo una nguvu ambayo tochi ya askari kando ya barabara haina, kwani tochi huona mahali pamoja tu, na kwa kuwashiana taa madereva hulikwepa jicho lake. Hata hivyo LATRA nayo imelazimika mara kwa mara kuyachukulia hatua mabasi yaliyokutwa yameichezea mitambo hiyo. Mkono uliokata waya wa Kenya unao ndugu zake.

Na kazi itakuwa kubwa zaidi siku zijazo. Magari mengi yanayonunuliwa na watu binafsi nchini Kenya na Tanzania ni yale yaliyokwisha kutumika Japani. Kenya hairuhusu gari lililopita umri wa miaka 8. Nchini Japani miundo mipya ya magari ya abiria ilianza kulazimishwa kuwa na breki zinazojifunga zenyewe mwezi Novemba 2021. Maana yake ni kwamba, sheria ikipitishwa au isipitishwe, vifaa vya kumsaidia dereva vinaingia kwa meli katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Vifaa hivyo vimeundwa kwa ajili ya barabara zenye mistari iliyopakwa vizuri na madereva wanaozijua taa na milio yake. Afrika Mashariki vitakutana na barabara ambazo mistari imefutika, bodaboda zinazopenya pande zote mbili, na mbuzi wanaovuka bila kutazama.

Hata leo mfano mdogo upo katika magari mengi. Dereva akiwasha gari, sauti ya mwanamke humwambia jambo kwa Kijapani. Dereva hajui aliloambiwa, na baada ya siku chache hasikii tena kama amesemeshwa. Onyo lisiloeleweka humzoesha mtu kupuuza maonyo yote, pamoja na lile moja ambalo siku moja lingemwokoa.

Kutokana na hayo yote, mambo kadhaa yanajitokeza wazi. Kwanza, kifaa chochote kabla ya kulazimishwa kwa nchi nzima yafaa kijaribiwe katika magari machache, mikononi mwa madereva wa kweli, katika njia zao za kila siku, na hila zao zichukuliwe kuwa ni habari zenye thamani kwa mtengenezaji badala ya kuwa ni makosa ya kuadhibiwa tu. Pili, matokeo yapimwe kwa vitabu vya hospitali na vya bima. Idadi ya visanduku vilivyofungwa huonyesha tu biashara ya wanaoviuza. Tatu, sheria inayodai kisanduku ndani ya gari ni lazima idai kwa nguvu hiyohiyo mshahara wa dereva, kwani hakuna waya ulio imara kuliko njaa. Nne, habari zinazopelekwa na mitambo hazina kazi kama hakuna ofisa wa kuzisoma, na hukumu ya barabarani haina maana kama yaweza kumalizwa kwa noti iliyokunjwa ndani ya leseni. Na mwisho, abiria apewe haki ya kusema, naye aambiwe kwamba anayo.

Wakenya wamelipa gharama kubwa kujifunza hayo, na gharama hiyo haikulipwa kwa fedha peke yake. Nchi jirani zina nafasi ya kujifunza kwa bei nafuu zaidi. Kila kifaa kipya kitakapoletwa mbele ya wakubwa wa uchukuzi katika eneo hili, pamoja na maelezo mazuri ya muuzaji wake, swali la kwanza kuulizwa lisiwe kinaweza kufanya nini. Liwe hili: dereva mwenye deni la hesabu ya leo, akiwa amebakiza saa moja ya jua, atakifanya nini?